Daftari Lisilo na Kistari

Mji mzima ulimwita Saa Tatu, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kwa miaka thelathini na moja, Jumapili na sikukuu zikiwemo, alipita geti la mtambo wa kusafishia maji saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, na saa tatu kamili alikuwa amesimama mbele ya kasha jeupe la mbao, miwani puani, kalamu sikioni. Mwenye duka la mkabala na geti alirekebisha saa yake ya ukutani kwa kumtazama yeye. Ukitoa miaka minne hivi, ambayo tutaifikia, mtu huyu hakuwahi kuchelewa.

Ndani ya kasha lile, lenye kuta za luva ili hewa ipite na jua lisiingie, vililala vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa cha zebaki, na kazi yake ilikuwa kukumbuka. Joto likipanda, zebaki hupanda nalo. Joto likishuka, zebaki hubaki pale pale ilipofika, mpaka mtu aje aisome, kisha akikung'ute kipimajoto kama nesi anavyokung'uta kile cha kwapani. Cha pili kilikumbuka baridi. Nje ya kasha kulikuwa na chombo cha kukingia mvua. Namba tatu kwa siku, basi. Mchana uliobaki aliuza jasho lake kwenye pampu za maji kama wafanyakazi wengine wa mtambo, na hata alipostaafu pampu miaka miwili iliyopita, aliendelea kuja kusoma kasha lake, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Mlinzi wa geti alimfungulia bila kumuuliza, kama anavyofunguliwa paka wa nyumbani.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria zake, na Saa Tatu alizishika kuliko wengine wanavyoshika dini. Andika kwa wino. Ukikosea usifute, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika lililo sahihi pembeni, tia sahihi. Usiposoma siku fulani, usibuni. Weka kistari mahali pa namba. Vituo vingine vilikuwa na vistari vingi kama uzio: mwangalizi aliumwa malaria, alikwenda harusini, alilala. Daftari za Saa Tatu hazikuwa na kistari hata kimoja. Alijivunia jambo hilo kwa namna ya watu wapole, yaani hakulisema, ila alihakikisha wengine wanalisema.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili, jiko dogo, na meza yenye viti viwili. Kimoja alikikalia. Kingine kiliwekwa nguo zilizopigwa pasi, na nguo za mtu mmoja hazijazi kiti. Mkewe alikuwa amefariki miaka kumi na tatu iliyopita. Hawakujaliwa watoto. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alihamia kwa mwanawe mji mwingine, akawa anapiga simu kila alipokumbuka, na kukumbuka nako kuna tabia ya kupungua.

Marehemu alikuwa mcheshi. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa, mumewe akirudi kutoka kazini, hakumuuliza habari za kazi. Alimuuliza, "Leo ngapi?"

"Thelathini na moja nukta nne."

"Uongo huo. Jikoni kwangu imefika hamsini."

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao kwa miaka yote. Baada ya msiba, Saa Tatu aliendelea kuitaja namba kila alipofungua mlango, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Kisha alivua viatu.

Ndipo akatokea Daktari. Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtafiti wa hali ya hewa kutoka chuo kikuu, mwanamke asiyezidi miaka thelathini na mitano, mwenye kompyuta begani na tabia ya kucheka kabla hajamaliza sentensi. Alikuja kutazama daftari. Alifunua moja, akafunua ya pili, akafunua ya kumi, kisha akakaa chini sakafuni katikati ya makabati, gauni safi na yote.

"Mzee wangu," alisema, "hakuna kistari hata kimoja!"

"Hakuna," alisema Saa Tatu, akijitia hamnazo.

"Unajua nimezunguka vituo vingapi? Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Siku hiyo Saa Tatu alirudi nyumbani akitembea kama kijana aliyekubaliwa posa.

Daktari alizipeleka namba zote kwenye kompyuta, na kompyuta ikazichora mstari. Mstari ulitambaa kwa miaka kumi na tatu ukiwa karibu bapa, halafu ghafla ukaruka juu kwa zaidi ya digrii moja, ukakaa huko juu miaka minne na miezi miwili, halafu ukashuka ghafla kama ulivyopanda. Daktari aliuita mwinuko huo nundu, na nundu ikawa maisha yake. Alichimba habari za mji, akagundua kwamba mwaka ule mstari uliporuka, kinamasi kilichokuwa nyuma ya mtambo wa maji kilikaushwa ili yajengwe maghala.

"Kinamasi ni mtungi, mzee," alimweleza. "Kwa nini maji ya mtungini ni baridi? Kwa sababu yanatoka jasho kidogo kidogo, na jasho likikauka linaondoka na joto. Kinamasi kilikuwa kinautolea mji jasho. Wamekikausha, mji ukapata homa. Baadaye wakapanda miti kuzunguka maghala, miti ikakua, homa ikashuka."

Ilikuwa hadithi nzuri, na jarida kubwa la kisayansi liliichapisha. Redio ikaizungumza. Watu waliokuwa hawajui kama mji wao uliwahi kuwa na kinamasi wakaanza kukililia. Na Daktari, kwa sababu alikuwa na maswali yasiyoisha, akawa anakuja kila mwezi, na kila Jumatatu saa kumi jioni akawa anapiga simu. Simu yake ya kwanza haikuanza na salamu. Ilianza hivi: "Leo ngapi, mzee?"

Saa Tatu aliishika simu kwa mikono miwili. Ilimchukua muda kujibu, akasingizia mtandao.

Tangu siku hiyo Jumatatu ikawa na umbo. Saa tisa na nusu alishaoga. Saa kumi kasorobo nguo zilishahamishwa kutoka kiti cha pili, ingawa simu haihitaji kiti. Walizungumza dakika ishirini, mara nyingine arobaini, juu ya mvua, zebaki, na wajinga wa makao makuu. Siku sita zilizobaki hakuzungumza na mtu zaidi ya mlinzi na mwenye duka, na kwa mwenye duka mazungumzo yalikuwa mkate na chumvi.

Sasa, wasomi hawakubaliani haraka, na hiyo ndiyo kazi yao. Mwaka uliofuata profesa mmoja, mwalimu wa zamani wa huyo huyo Daktari, aliandika kwamba nundu ni upuuzi. Ugomvi ukavuka kuta za chuo. Gazeti moja likauliza kama watafiti wanapika takwimu. Kwenye kipindi cha redio cha kupiga simu, fundi baiskeli mmoja alisema joto lote ni njama, na mama mmoja akasema yeye hajali ni njama au si njama, anachotaka ni kivuli. Hatimaye wakamleta profesa mwenyewe studio, Jumamosi mchana. Saa Tatu alikuwa anaosha sahani yake moja.

"Joto la asili halirukiruki hivyo," alisema profesa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Miti haikui kwa wiki moja. Kitu kikipanda kwa siku moja na kushuka kwa siku moja, hapo kuna mkono wa mtu. Mimi nadhani saa ya kusoma ilibadilishwa."

"Saa tu, profesa?" aliuliza mtangazaji. "Si kipimajoto kinakumbuka chenyewe?"

"Hapo ndipo watu wanapopotea. Chukua siku ya moto, digrii thelathini na tatu. Mtu anakuja saa tisa alasiri, anasoma thelathini na tatu, anakung'uta. Lakini hewa yenyewe bado ina thelathini na tatu, kwa hiyo zebaki haina pa kushukia. Kesho yake mvua inanyesha kutwa, joto halivuki ishirini na saba. Akirudi saa tisa atasoma ngapi? Thelathini na tatu tena! Ndiyo namba ya juu kabisa tangu alipokung'uta. Siku moja ya moto imehesabiwa mara mbili. Angekuja asubuhi, hewa ikiwa imepoa, hilo lisingetokea. Fanya hivyo miaka minne uone. Na kama mwangalizi huyo aliandika muda wa uongo, mimi nasema daftari zote thelathini na moja zitupwe."

Sahani ilibaki mkononi mwa Saa Tatu, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Maana hiyo miaka minne aliijua. Haikuhitaji kompyuta. Nundu ilianza mwezi ambao mkewe alipigwa na kiharusi, na ilikwisha baada ya mazishi. Aliliona jambo hilo siku ya kwanza Daktari alipomwonyesha mchoro, akajiambia ni bahati mbaya tu zimekutana, kinamasi na kiharusi. Mtu hujidanganya kwa urahisi sana akiwa na mgeni mezani.

Miaka ile mkewe hakuweza kujigeuza kitandani. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Asubuhi ilikuwa ni kumwogesha, kumbadilisha shuka, kumpaka mafuta mgongoni asipate vidonda, kumlisha uji kijiko kimoja kimoja na kusubiri ameze. Shemeji alifanya kazi ya ufagizi shuleni mpaka saa saba, ndipo alipokuja kumpokea zamu. Saa Tatu alibadilishana zamu na mwenzake wa pampu, akawa anafika mtamboni saa tisa kasoro dakika tano, alasiri. Alisimama mbele ya kasha, akafikiri. Kipimajoto kinakumbuka. Ya juu ni ya juu, ukiikuta asubuhi au ukiikuta alasiri. Alikiamini kipimajoto kama mtu anavyomwamini rafiki asiyegeuza maneno. Kwenye safu ya muda akaandika saa tatu, kwa sababu sheria ilitaka saa tatu, na kuomba ruhusa kungekuwa na maana ya kumweleza bosi mambo ya shuka na uji, na alikuwa na haya. Siku ya kwanza mkono ulisita. Siku ya kumi haukusita.

Mwenye duka aliona. Kwa miaka minne alimtania kila siku, "Saa Tatu imekuwa saa tisa!" Na wasomi wote wale, pamoja na kompyuta zao, hakuna hata mmoja aliyevuka barabara akamuuliza.

Kabla ya kukata tamaa alitaka kuhakikisha, maana alikuwa mtu wa vipimo. Alikuwa na vipimajoto viwili vya zebaki vya akiba. Akavilaza ndani ya kreti la soda nyuma ya jiko, penye kivuli na upepo. Kimoja alikikung'uta kila asubuhi akitoka kituoni, kingine saa tisa alasiri. Siku tano vilisema karibu kitu kile kile, akaanza kupumua. Siku ya sita ilikuwa ya jua kali. Siku ya saba mvua ilinyesha tangu alfajiri, na saa tisa alasiri akasoma cha kwanza, alichokikung'uta asubuhi ile: ishirini na sita nukta nane. Akasoma cha pili: thelathini na mbili nukta tisa. Alisimama na shati limemganda mgongoni kwa mvua, akatazama namba ile ya jana iliyong'ang'ania leo. Profesa alikuwa sahihi, na yeye, Saa Tatu, ndiye aliyekuwa homa ya mji.

Akijua hivyo, angefanya nini? Jibu la kanuni lilikuwa jepesi: mwambie Daktari. Lakini akimwambia, nundu inakufa, na nundu ndiyo ilikuwa sababu ya Daktari kuja. Hakuna mtu anayepiga simu kila Jumatatu kwa mzee aliyemharibia jina. Saa Tatu aliliogopa jambo hilo kuliko alivyowahi kuogopa kifo, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Jumatatu tano zilipita. Daktari aliuliza leo ngapi, naye alijibu, na kila alipokata simu alijiona mwizi.

Alhamisi moja asubuhi Daktari alikuja bila taarifa, amechoka, macho yamemwingia ndani. Walikaa kwenye chumba cha makabati, Saa Tatu akamimina chai ya chupa kwenye vikombe viwili.

"Wiki ijayo tuna kongamano," alisema Daktari. "Mimi na profesa jukwaa moja. Anakutukana wewe, mzee. Anasema ulibadilisha saa. Nimeandika barua hii, ni mistari miwili tu. Weka sahihi hapo, nitaisoma mbele za watu, nimfunge mdomo."

Barua ilisema: Mimi, mwangalizi wa kituo, nathibitisha kwamba kwa miaka yote thelathini na moja nilisoma vipimo saa tatu kamili asubuhi. Kalamu ilikuwa tayari juu yake.

"Kunywa chai kwanza," alisema Saa Tatu.

"Nimeshakunywa. Mzee wangu, weka sahihi. Nikimaliza hili nitakuletea keki, tukate hapa hapa."

Saa Tatu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Alijikaza kisabuni.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Hiyo barua si kweli, mwanangu. Miaka minne nilisoma saa tisa. Profesa amesema kweli."

Daktari alicheka, kama kawaida yake, kabla sentensi haijamfikia vizuri. Kisha hakucheka.

"Unatania."

"Mke wangu alikuwa kitandani. Asubuhi hapakuwa na mtu wa kumgeuza. Nikawa nakuja alasiri. Nilidhani ni kitu kimoja. Nimepima nyuma ya jiko langu, si kitu kimoja." Akamsukumia karatasi ya siku ishirini, safu mbili, wino wa bluu.

Daktari aliisoma karatasi yote. Alipofika siku ya saba akaweka kidole, akakiacha hapo.

"Nundu inaanza lini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mwezi alioanguka."

"Na inaisha?"

"Nilipomzika."

Nje, pampu iliwaka, ikanguruma, ikatulia. Daktari alikunja barua yake mara mbili, mara nne, mpaka ikagoma kukunjika.

"Umejua tangu lini?"

"Kwa uhakika, wiki tano."

"Wiki tano! Nimekupigia simu wiki zote hizo. Nimekueleza kila kitu, mpaka nitakachovaa. Kwa nini hukuniambia?"

Saa Tatu aliitazama chai yake. Angeweza kusingizia haya, au uzee. "Kwa sababu ungeacha kuja," alisema.

Daktari alisimama. Alichukua karatasi ya vipimo, akaomba kwa upole wa ofisini kama anaweza kwenda nayo, akaingia kwenye gari. Chai yake ilibaki haijaguswa. Saa Tatu aliimwaga nje, akaosha vikombe vyote viwili, ingawa kimoja hakikuwa kichafu.

Jumatatu alioga saa tisa na nusu, akahamisha nguo kwenye kiti. Saa kumi simu haikulia, wala saa kumi na moja. Jumatatu ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakuhamisha nguo.

Habari alizipata redioni kama watu wengine. Daktari alikuwa amesimama kwenye kongamano, mbele ya mwalimu wake, akasema nundu ni kosa la saa, na kwamba yeye mwenyewe ameliandikia jarida liiondoe makala yake. Profesa alihojiwa, akaongea kwa staha ambayo haikuwa kawaida yake. Alisema kosa linalojulikana si kosa tena, kwa sababu linaweza kukokotolewa na kutolewa. Alisema wamelitoa, na nundu ilipoondoka chini yake wameona kitu ambacho ilikuwa imekificha: joto la mji limepanda polepole, kidogo kidogo, karibu digrii moja kwa miaka thelathini na moja, bila kuruka. Daftari zisitupwe, alisema, ni mali. Mtangazaji akauliza kama huko nako si kupika takwimu. "Namba za awali hazifutwi," alisema profesa. "Zinabaki kwenye safu yake, zilizosahihishwa kwenye safu yake. Anayetaka kuhakiki, karibu." Kuhusu mwangalizi alisema tu kwamba alibadilisha muda kwa sababu za kifamilia.

Saa Tatu alizima redio. Sababu za kifamilia! Kama vile mtu kakosana na shemeji juu ya kuku.

Kesho yake, baada ya kusoma kasha, hakurudi nyumbani. Alifungua kabati, akatoa daftari za miaka ile minne, akakaa. Alianza na siku ya kwanza. Akapiga mstari mmoja juu ya saa tatu, ili isomeke. Pembeni akaandika saa tisa. Akatia sahihi. Akaenda siku ya pili.

Hakuna aliyemwagiza. Zilikuwa siku elfu moja na mia tano na ushei, na kwa umri wake mkono ulichoka baada ya sitini. Lakini kila mstari ulikuwa na siku yake, na alizikumbuka nyingi kuliko alivyotegemea. Siku ya digrii thelathini na nne kamili ndiyo aliyorudi akakuta mkewe ameweza kuinua kidole gumba, na shemeji analia. Siku ya ishirini na tano nukta mbili ndiyo aliyomwaga uji wote na kumfokea mkewe, na mkewe, kwa mdomo wake uliopinda, akasema polepole, "Le-o nga-pi?" mpaka wote wawili wakacheka. Hakuwahi kuacha kuuliza. Maneno mengine yalimpotea moja moja, hilo lilibaki. Saa Tatu alikuwa amedhani miaka ile aliandika namba tu. Sasa aliona kwamba ilikuwa imeandikwa yote.

Wiki ya nne alifika ukurasa alioujua tangu mwanzo. Ulikuwa na mstari wenye namba ishirini na tisa nukta tano, mwandiko safi kuliko mingine yote. Kalamu ilisimama.

Siku hiyo hakwenda kituoni saa tatu wala saa tisa. Siku hiyo alikaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika mkono ambao ulikuwa umeacha kuwa na joto lolote la kupimwa, mpaka majirani walipomwondoa. Alirudi kazini baada ya mazishi, siku moja tu baadaye, akakuta nafasi tupu. Kistari kilikuwa kinamngoja. Hakuweza kukiandika. Ilikuwa kama kukiri kwa wino kwamba siku hiyo ilikuwepo. Basi akatazama ya juzi, akatazama ya wakati huo, akatunga iliyo katikati. Namba zote za miaka minne zilikuwa na kosa la saa, lakini zilisomwa. Hii moja peke yake ilikuwa uongo mtupu, na ndiyo iliyolifanya daftari lisiwe na kistari.

Aliipiga mstari mmoja. Pembeni akaweka kistari. Akatia sahihi, akaenda kwenye kurasa zilizobaki, maana zilikuwa chache. Kesho yake alizipeleka daftari hizo zote posta, anwani ya chuo, bila barua ndani.

Jumatatu ya wiki iliyofuata alikuwa anapiga pasi shati. Simu ililia saa kumi na robo.

"Nimepata daftari," ilisema sauti ya Daktari. Haikuwa na kicheko. "Nimezipitia zote. Mzee, hukulazimika. Kompyuta ilishasahihisha."

"Kompyuta haikuwepo," alisema Saa Tatu.

Akasikia kurasa zikifunuliwa upande wa pili.

"Kuna siku moja umeweka kistari. Nataka kuiingiza, lakini fomu inadai sababu. Niandike nini?"

Saa Tatu alizima pasi. Alitafuta neno la kiofisi, hakulipata.

"Siku hiyo sikwenda," alisema. "Andika hapakuwa na wa kuniuliza."

Saa Tatu alidhani Daktari amekata, akaitoa simu sikioni, akaangalia. Dakika zilikuwa bado zinahesabiwa. Akairudisha. Alimsikia mtu akipumua, akimeza mate, akivuta kiti.

"Na leo?" alisema Daktari. "Leo ngapi, mzee?"

Aliijua, alishaitaja mlangoni asubuhi ile kwa sauti ya kawaida. Lakini sasa ikabidi akae, na kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kile cha pili. Akazisukuma nguo zikaanguka chini.

"Ishirini na nane," alisema, "nukta sita."